Kilichofutwa ni cha Nani

Jumamosi huwa naamka saa kumi na mbili, si kwa sababu ya kazi bali kwa sababu ya simu. Hulala nikiwa nimeiweka chini ya mto, jambo ambalo mke wangu amelikemea hadi akachoka. Kabla sijanawa uso nimeshapitia Facebook, nimeshapitia X, nimeshasoma ugomvi wa wanasiasa wawili ambao Jumatatu watakuwa wanakula pamoja, na nimeshamtazama jamaa mmoja wa Poland akisafisha kibodi ya miaka ya themanini kwa mswaki. Huyo jamaa simjui, na lugha yake siielewi hata neno. Lakini akipotea wiki mbili huwa naingiwa na wasiwasi.

Wengine hufuga njiwa. Mimi nafufua kompyuta kuukuu. Jumatatu hadi Ijumaa naandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na Jumamosi meza ya kulia chakula inakuwa yangu hadi saa kumi na moja jioni. Tuko wachache wenye ugonjwa huu hapa Nairobi na tunajuana mtandaoni: huyu ana mashine ya kusoma disketi, yule ana kebo ambayo haipatikani tena Luthuli Avenue hata ukilia. Tunatumiana picha za mabodi kama wazazi wanavyotumiana picha za watoto.

Mwezi wa nane nilinunua mashine tatu kutoka kwa saiba iliyofungwa katika mji mmoja wa Ukambani. Mji wenyewe sitautaja, na mkisoma mbele mtaelewa kwa nini. Elfu moja na mia tano kwa zote tatu, pamoja na kibodi isiyo na herufi E. Mwenye saiba alikuwa mzee mpole. Aliniambia zamani watu walipanga foleni hadi nje kwa mama wa mboga. Shilingi moja kwa dakika, na intaneti yenyewe ikitoka kwa setilaiti ikitambaa kama konokono. Halafu 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa, intaneti ikashuka bei, simu nazo zikashuka bei, na polepole kila mtu akawa na saiba yake mfukoni. Alivumilia miaka mingi kwa kuchapisha na kutoa fotokopi. Mwisho akachoka.

Mashine ya kwanza nilipoifungua nilikuta kile nilichotarajia: kapasita zimevimba vichwa kama mahamri. Mashine nyingi za miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili ziliuawa na kapasita mbovu kutoka viwandani. Haya si makosa ya mwenye saiba. Nikatoa sita, nikalehemu sita mpya, nikapuliza vumbi barazani hadi jirani akauliza kama tunajenga. Saa nne ikawaka. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa zamani, na mashine ikikosa betri hiyo husahau tarehe na kurudi kwenye ile iliyozaliwa nayo. Hii ilizaliwa na tarehe 1 Januari 2003. Nikacheka peke yangu. Kwa mashine hii, Kibaki ameapishwa juzi Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na wiki ijayo watoto wataanza kwenda shule ya msingi bila karo.

Sasa hapo ndipo ningepaswa kusimama. Kazi ya kufufua ilikuwa imeisha. Lakini diski ilikuwa mle ndani, gigabaiti arobaini, na Windows XP ikafunguka na ule mlio wake, na kwenye skrini kulikuwa na folda moja iliyoandikwa WATEJA.

Kama uliwahi kutumia saiba unajua folda hiyo. Ni mahali ambapo mhudumu huweka kazi za watu: umekuja na karatasi umeandika kwa mkono, yeye anapiga chapa, unalipa, unaondoka. Kazi yako inabaki. Mle ndani kulikuwa na miaka kumi na zaidi ya mji mzima. Barua za kuomba kazi kwa mamia. Kadi za harambee. Barua ya mtoto wa shule ya kuomba msamaha kwa mwalimu mkuu, iliyoandikwa wazi kabisa na mtu mzima. Mikataba ya kukodisha shamba. Na programu za mazishi, nyingi mno, zenye majina kama "nyanya ya mwisho" na "nyanya ya mwisho kabisa" na "nyanya hii ndiyo".

Nilipiga picha ya skrini. Orodha tu, sikufungua kitu. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu na maneno ya utani kuhusu hiyo nyanya ya mwisho kabisa, nikarudi kwa mashine ya pili. Nilipotazama simu saa sita, watu zaidi ya mia tatu walikuwa wamecheka. Kwa mtu ambaye picha zake za kapasita hupata kumi na tisa, huo ni umaarufu. Nakiri nilifurahi. Nilikuwa naangalia kila dakika tano, mkono mmoja na bisibisi.

Saa saba unusu ujumbe ukaingia faraghani. "Habari kaka. Hiyo ya nne kutoka juu kwa orodha yako ni jina la mama yangu. Uko nayo?"

Nikaikuza ile picha. Ni kweli. Kati ya majina yote ya kuchekesha, moja lilikuwa jina la mtu, majina matatu kamili, na neno "mazishi" mbele yake. Sikuwa nimeliona. Ama niliona nikadhani ni sehemu ya utani.

Nikafuta ile posti mara moja. Halafu nikaketi pale nikijua vizuri, kuliko watu wengi, jinsi neno "kufuta" lilivyo la uongo. Ukifuta faili kwenye diski ya aina ile, kompyuta haifuti kitu. Inafanya kama mwalimu anayekata jina la mtoto kwenye rejista huku mtoto mwenyewe bado ameketi dawati la nyuma. Atakaa pale hadi aje mtoto mwingine apewe dawati lile lile, na hilo linaweza kuchukua siku moja au miaka ishirini. Posti yangu ni hivyo hivyo. Nilikata jina kwenye rejista yangu. Wale waliokuwa wameshaichukua na kuipeleka kwenye makundi yao ya WhatsApp, dawati ni lao.

Swali la kwanza ni jepesi, au nilidhani ni jepesi: mtu anaomba wasifu wa mama yake, mpe. Lakini nitajuaje ni mama yake? Mtandaoni mtu anaweza kuwa mtoto wa yeyote. Nikamuuliza kwa upole anieleze kidogo. Akaandika kwamba siku ya mazishi hakuwa nyumbani, hajawahi kupata nakala, na kwamba wao walizaliwa sita, yeye ni wa nne. Akataja jina lake.

Nikafungua faili. Ndiyo mara ya kwanza kufungua chochote kwenye ile folda, na nilijiambia nafanya hivyo kwa niaba yake. Kurasa nne, picha ya mama aliyevaa kitambaa cha kanisa, na maneno ya Kiingereza cha mazishi tunachokijua sote. Alijaliwa watoto watano. Majina yote matano yamepangwa. La huyu dada halipo.

Basi nikajua ni tapeli. Nilikaribia kumfungia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Sijui kwa nini sikubonyeza. Labda ni ile namba: tapeli angesema sita kwa nini, wakati mwenye kutafuta cha kuiba angenyamaza aniachie niseme mimi? Nikachomoa diski, nikaiunganisha na kompyuta yangu, nikaendesha PhotoRec, programu ya bure inayopita diski yote dawati kwa dawati na kuokota kila kinachofanana na faili, hata kilichofutwa. Mara nyingi huvileta bila majina yake, vina namba tu, kama maiti za mochari. Ilichukua zaidi ya saa moja. Nilikula githeri nikiwa nimesimama. Halafu nikatafuta jina la mama.

Zilikuwa mbili. Ile niliyoiona, na nyingine ya mapema zaidi, bila picha, yenye makosa ya chapa. Alijaliwa watoto sita. Wa nne ni huyu dada, na mbele ya jina lake maneno mawili tu, kwamba anaishi mbali.

Kuna mtu aliketi kando ya mhudumu wa saiba, akasoma skrini, akasema hapo toa. Mhudumu akatoa. Wa tano akapanda akawa wa nne, wa sita akawa wa tano, na "sita" ikaandikwa "tano". Pengo likazibwa vizuri kiasi kwamba muda si mrefu kabla nilikuwa namwita aliyetolewa tapeli.

Nilimpigia fundi mmoja wa Luthuli Avenue ambaye amenifundisha mengi. Nikamweleza bila majina. Akanyamaza kidogo, akasema, "Boss, mimi huwa sifungui. Simu ya mtu, laptop ya mtu, natengeneza nafunga. Nikifungua nitalala na shida za watu mia." Nikamwambia nimeshafungua. "Basi hizo sasa ni zako," akasema, na kukata simu kwa sababu alikuwa na mteja.

Sheria nayo haikunisaidia sana. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya mambo ya familia yake kufichuliwa bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamwacha mtu anayefanya mambo yake ya binafsi na ya nyumbani. Nilipokuwa na bisibisi mezani nilikuwa nyumbani. Nilipoweka ile picha mtandaoni nilikuwa nimetoka nje ya nyumba, tena bila viatu. Lakini sheria inaniuliza kama nina ruhusa ya kufichua. Swali langu lilikuwa lingine: maneno yaliyofutwa ni ya nani?

Tuanze na aliyefuta, ambaye nitamwita kaka, ingawa anaweza kuwa baba, au shangazi, au kamati nzima ya mazishi. Kusema kweli ana haki yake. Mtu anaruhusiwa kubadili mawazo kabla ya kuchapisha. Kama kila barua tuliyoanza tukairarua ingesomwa mbele ya watu, nani angebaki na rafiki? Rasimu ni chumba cha kulala cha mawazo. Kaka aliandika, akafuta, akalipa, akaenda zake akiamini kile alichotoa hakipo tena duniani. Mimi nilikiokota kwa ujanja wa programu. Kukitoa sasa ni kumshika mtu kwa kitu alichokwisha kukiacha.

Lakini alichokifuta hakikuwa chake tu. Kilikuwa jina la mtu. Hapa ndipo ninapoona fikra yetu ya kawaida kuhusu nani mwenye maandishi inavyogonga ukuta. Tunasema maandishi ni ya mwandishi. Sawa, lakini sentensi "huyu ni mwanawe wa nne" ina wenyewe watatu: aliyeiandika, mama aliyezaa, na aliyezaliwa. Mmoja wao anaweza kuifuta kwenye karatasi. Anaweza kuifuta kwa wengine wawili?

John Mbiti, ambaye naye alikuwa mwana wa Ukambani, aliandika katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba aliyekufa hajafa kabisa maadamu yupo hai mtu aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Bado yuko kwenye Sasa. Akiondoka wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama kwenye Zamani. Nimelifikiria hilo sana tangu siku ile, kwa sababu Mbiti anazungumzia wafu na mimi nilikuwa na tatizo la mtu aliye hai. Inaonekana tunaweza kumsukuma mtu kwenye Zamani akiwa bado anapumua, anatuma ujumbe, anasubiri jibu. Inatosha kumtoa kwenye orodha inayosomwa siku ambayo watu wote wapo.

Na msiniambie kwamba diski ilimkumbuka. Nimesoma watu wakiandika hivyo kuhusu mashine, kwamba mashine zinakumbuka tulichosahau. Diski haikumkumbuka mtu. Jina lake lilikuwa pale kwa sababu ile ile iliyofanya vumbi liwe pale, yaani hakuna aliyehitaji nafasi. Kukumbuka ni kazi ya mtu, na kwa saa mbili za Jumamosi hiyo mtu pekee mbali na yeye mwenyewe aliyeujua ukweli wa rasimu ile, na aliyeweza kuusema, alikuwa mimi, mwandika hesabu wa simiti na misumari, ambaye hata hawajui.

Kazini tuna mwenzetu kutoka Mombasa ambaye bibi yake alikuwa mwosha maiti. Aliwahi kunieleza kwamba mwosha haruhusiwi kusema alichokiona. Kovu, ugonjwa, alama yoyote, anaiosha na kuisitiri. Wenyewe husema mwosha huoshwa, na maana yake kwao si tishio, ni utaratibu tu wa dunia. Nilimpigia pia. (Ndiyo, siku hiyo nilipiga simu nyingi, mke wangu aliuliza kama kuna msiba, nikashindwa kumjibu.) Nikamuuliza: kama mwosha ameona kitu ambacho aliye hai anakihitaji? Akasema bibi yake angesema kwanza jiulize unasitiri au unaficha.

Sikuwa nimewahi kuyatenganisha maneno hayo mawili. Lakini yako mbali. Anayesitiri anamfunika mwingine ili asiaibike. Anayeficha anajifunika mwenyewe ama anamfunika mwenye nguvu. Kama ningemtumia dada ile nakala yenye watoto watano na kunyamaza, ningekuwa nasema namsitiri asiumie. Lakini yeye alishajua hayumo, au alishuku. Aliniambia "sita" akanisubiri nione. Kunyamaza kwangu kungemfunika kaka, na mimi, nisionekane kama mtu anayechokora diski za watu.

Kwa upande mwingine, kumtumia ile rasimu bila kuuliza ni kumrushia mtu jiwe ukidhani ni mkate.

Mke wangu alikuwa amekuja kuitaka meza yake. Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika sufuria. "Sasa wewe mzee," akasema, "unauliza hiyo kompyuta, unauliza fundi, unauliza nyanya ya mtu aliyekufa. Si umuulize mwenyewe?"

Basi nikaandika. Niliandika na kufuta mara nyingi, na nilijua kila nilichofuta kiko mahali fulani. Mwisho nikasema: "Dada, kuna mbili. Moja ilichapishwa. Nyingine iliandikwa kwanza, halafu ikabadilishwa. Nikutumie ipi?"

Nakiri huu nao haukuwa usafi. Kwa kusema kuna mbili nilikuwa nimeshamwambia kila kitu. Hakuna swali lisilo na habari ndani yake. Na nilikuwa nimeutua mzigo wangu kichwani kwake, kwa adabu.

Zile nukta tatu za mtu anayeandika zikaja, zikapotea, zikaja. Nilimaliza kukusanya bisibisi zote. Halafu:

"Hiyo nyingine iko na jina langu?"

"Ndiyo."

"Namba ngapi?"

"Nne."

Muda ukapita tena. "Basi hiyo usinitumie. Nitumie ile iliyochapishwa, nataka ile picha ya mama."

Nikamtumia. Akasema asante kaka, Mungu akubariki, na alama ya mikono iliyounganishwa. Hiyo ingekuwa siku nzuri kama ingeishia hapo, na kwa kweli jioni hiyo nilijiona mtu mwema. Nikaandaa kuipitisha diski yote kwa sifuri, herufi hadi herufi, kila dawati apewe mtoto asiye na jina. Barua za kazi, mikataba, nyanya zote. Huo ndio usafi ninaoamini sasa kwamba ningepaswa kuufanya saa nne asubuhi, kabla ya folda, kabla ya picha, kabla ya kuchekwa nami na watu mia tatu. Naamini hivyo na papo hapo najua kwamba ningefanya hivyo, dada asingejua kamwe kwamba kuna siku, hata kama ni dakika kumi, mtu wa nyumbani kwao alimhesabu. Mambo haya mawili sijaweza kuyapatanisha.

Sikumaliza kuandaa. Umeme ulikatika mtaani, kama kawaida ya Jumamosi, na nikaenda kulala.

Asubuhi simu ilikuwa chini ya mto na ujumbe ulikuwa umeingia saa tisa usiku. "Kaka samahani. Ile nyingine umeshafuta?"

Nikamjibu bado.

"Usifute kwanza."

Ni miezi mitatu sasa. Mashine yenyewe niliipa diski nyingine na betri mpya, nikaiandikia tarehe ya leo, na mtoto wa jirani anaitumia kucheza karata. Diski ya saiba nimeifunga kwenye soksi, nikaiweka ndani ya mkebe wa Blue Band juu ya kabati, pamoja na mambo ya mji mzima ambayo hayanihusu. Dada hajaandika tena. Mke wangu akishusha sukari huusogeza mkebe kwa uangalifu, aniulize itakaa pale hadi lini, nami humwambia si yangu.